Jinsi ya Kuzungumza na Daktari Ukaeleweka, na Kuondoka Ukiwa Umeelewa

Katika vituo vingi vya afya vya umma nchini Tanzania, asubuhi ya Jumatatu humkuta tabibu mmoja akiwa na benchi zima la wagonjwa mlangoni, na kila anayeingia chumbani anajua kwamba nyuma yake kuna watu wanaohesabu dakika. Mazungumzo yanayofanyika katika hali hiyo ndiyo yanayoamua kipimo gani kitaandikwa, dawa gani itatolewa, na kama mgonjwa atarudi siku aliyopangiwa au atatokomea. Mwongozo huu unahusu mazungumzo hayo. Umeandikwa kwanza kwa ajili ya mgonjwa na ndugu anayemsindikiza, kwa kuwa wao wana nafasi ya kujiandaa kabla ya kufika; lakini sehemu yake moja inawalenga madaktari, matabibu, wauguzi na wafamasia, kwani mgonjwa aliyejiandaa vizuri bado hawezi kueleweka na mtu asiyemsikiliza.

Haraka hii si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichapisha utafiti kuhusu mazungumzo ya madaktari na wagonjwa wao, wakabaini kwamba kwa wastani mgonjwa alikatizwa sekunde 18 tu baada ya kuanza kueleza kilichomleta, na kwamba waliokatizwa ni nadra walirudi kumalizia yale waliyokuwa wamekusudia kuyasema. Maana yake kwa mgonjwa ni nyepesi kuitekeleza: jambo zito litangulie. Wengi wetu, kwa adabu tuliyolelewa nayo, huanza na mafua, tukapitia mgongo, kisha tukalitaja lile hasa linalotunyima usingizi tukiwa tumeshashika kitasa cha mlango: "Halafu daktari, kuna hiki kiuvimbe kwenye titi." Kufikia hapo cheti kimeshaandikwa na mgonjwa anayefuata ameshaitwa.

Kujiandaa nyumbani

Usiku wa kuamkia siku ya kwenda hospitali, chukua karatasi uandike mambo matatu: kilichoanza kwanza na siku kilipoanza, kilichobadilika tangu hapo, na kile unachokihofia hasa. Hilo la tatu wengi hawalisemi kwa sababu wanaona si dalili. Lakini mwanamke aliyemuuguza mama yake kwa saratani ya shingo ya kizazi, akija na maumivu ya tumbo la chini, anakuja na maumivu pamoja na hofu. Akiisema hofu hiyo, daktari ataijibu au atamwelekeza kwenye uchunguzi unaofaa. Asipoisema, huenda akaandikiwa dawa ya kutuliza maumivu na kurudi nyumbani na hofu ileile. Kama hujui kuandika, mwombe mtoto wa shule akuandikie, ila yale ya siri yashike kichwani.

Beba daftari lako la matibabu hata kama limechakaa, majibu ya vipimo vya zamani, kadi ya kliniki kama ni mjamzito au una mtoto mdogo, na dawa zote unazotumia zikiwa kwenye pakiti zake. Kusema kwamba unatumia "vile vidonge vyeupe vidogo vya presha" hakumsaidii mtu yeyote, kwa sababu dawa nyingi za presha ni vidonge vyeupe vidogo. Mwenye mashine ya kupimia presha au sukari nyumbani aandike namba pamoja na tarehe na saa, kwani mfululizo wa wiki mbili humwambia daktari mambo ambayo kipimo kimoja, kilichochukuliwa baada ya kupanda daladala mbili na kukaa kwenye foleni, hakiwezi kuyaonesha.

Kueleza ugonjwa

Tatizo linalojitokeza kila siku ni mgonjwa kuingia na jina la ugonjwa badala ya maelezo ya ugonjwa. "Nina taifodi." "Nina U.T.I. sugu." "Malaria imenipanda kichwani." Majina hayo mara nyingi yametoka kwa jirani, kwa muuza duka la dawa au kwenye kipimo kilichofanyika mahali pengine, na tabibu aliyechoka anaweza kuyapokea yalivyo na kuyaandikia dawa. Afadhali mgonjwa aeleze yaliyotokea kwa mpangilio wa siku, kuanzia ile ya kwanza hadi leo. Tuchukue mtu mwenye homa. Maelezo yake yanaweza kuwa haya:

"Shikamoo daktari. Homa ilinianza Ijumaa jioni, ikaanza na baridi kali na kutetemeka. Jumamosi mchana ilishuka, usiku ikarudi. Tangu jana natapika kila ninachokula, hata maji hayakai. Mkojo leo asubuhi umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Nimemeza panadol tu, na sijatumia dawa ya malaria."

Maelezo hayo hayachukui hata dakika moja. Ndani yake tabibu amepata siku ya kuanza, mwenendo wa homa, dawa iliyokwisha kutumika, na mambo mawili yanayobadilisha uamuzi wake papo hapo: anayetapika kila kitu hawezi kutibiwa kwa vidonge, na mkojo mweusi kwa mgonjwa wa homa ni dalili ya hatari. Hakuna lolote kati ya hayo ambalo lingesikika katika sentensi "nina malaria". Na kwa kuwa Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tangu mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ikiwezekana, jina aliloingia nalo mgonjwa halipaswi kutosha kumpatia dawa. Kipimo kikionesha kwamba hakuna vimelea, usishinikize kupewa dawa ya malaria "ili kuwa na uhakika". Uliza badala yake: "Basi homa hii inaweza kuwa inatokana na nini, na ni lini nirudi isiposhuka?" Kwa maoni yangu swali hilo la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote, ilhali ndilo linaloweza kuokoa mtoto ambaye jioni anageuka kuwa mlegevu huku mama yake akisubiri dawa ifanye kazi.

Maumivu yanahitaji uangalifu wa pekee. Onesha mahali kwa kidole, kwa kuwa tumbo ni pana na chembe ya moyo, ubavu, kitovu na chini ya kitovu kila mahali pana magonjwa yake. Eleza yalivyo: yanachoma, yanakata, yanabana, yananyonga, yanavuta au yanapwita. Eleza yanakoelekea, yanachukua muda gani, na yanazidi ukiwa na njaa, ukishiba, ukitembea au ukilala. Ikiwa ni maumivu ya kifua yanayobana na kuelekea kwenye mkono, shingo au taya, huku ukitokwa na jasho jembamba au kukosa pumzi, usikae kwenye benchi kungoja zamu yako. Mwendee muuguzi wa mapokezi umwambie maneno hayohayo. Vivyo hivyo kwa mjamzito anayetokwa na damu, anayeumwa kichwa kikali, anayeona maruweruwe au aliyevimba uso na mikono. Ukimya wa kungoja foleni, ambao kwingine ni ustaarabu, hapo ni hatari.

Yale yanayofichwa

Wagonjwa huficha mambo kwa aibu, kwa kuogopa kugombezwa, na mara nyingine kwa kudhani hayahusiani na ugonjwa. Mfano wa kawaida ni wa bibi mwenye presha ambaye, kwa ajili ya magoti, hununua diklofenaki dukani kila wiki. Kwake yeye presha ni jambo moja na magoti ni jambo jingine, kwa hiyo anapoulizwa kama anatumia dawa nyingine anajibu hapana, tena kwa moyo mweupe kabisa. Lakini dawa za maumivu za kundi hilo zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo, na daktari asiyejua habari za magoti ataendelea kuongeza vidonge vya presha bila mafanikio. Kwa hiyo taja kila kinachoingia mwilini: dawa za dukani, mitishamba, unga wa mizizi unaotiwa kwenye uji, pombe, ugoro. Tabibu mwenye busara hatakucheka kwa kunywa mwarobaini. Anachotaka ni kujua kama unaunywa pamoja na dawa zake au mahali pa dawa zake.

Dawa uliyoiacha nayo itajwe, pamoja na sababu. Baadhi ya dawa za presha, zikiwamo enalaprili na kaptoprili, husababisha kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, na wapo walioziacha kimyakimya kwa sababu hiyo kisha wakaendelea kumjibu daktari "natumia vizuri". Mwenye kikohozi hicho akisema, hubadilishiwa dawa na habari ikaishia hapo. Vilevile mwanamke anayeanza matibabu ya kifua kikuu hana budi kusema kama anatumia vidonge au vipandikizi vya uzazi wa mpango, kwa kuwa rifampisini iliyomo katika dawa za kifua kikuu hupunguza nguvu ya kinga hiyo. Haya ni mambo ya chumbani, na kuyasema mbele ya mtu mwingine ni vigumu. Ikiwa kuna wagonjwa wawili ndani ya chumba kimoja, una haki ya kusema, "Daktari, nina jambo ningependa kukueleza faragha," au kuomba uhudumiwe na muuguzi wa kike. Kuhusu VVU, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo, na tangu marekebisho ya mwaka 2019 kijana aliyefikisha miaka 15 anaweza kupima bila idhini ya mzazi.

Ufukara pia hufichwa. Mtu anaandikiwa dawa za mwezi mzima, anafika kwenye duka la dawa, ananunua za wiki moja kisha anazigawa ziwe za wiki mbili kwa kumeza nusu. Ni afadhali kusema palepale mbele ya mwandikaji: "Fedha niliyo nayo haitoshi, je, ipo dawa ya bei nafuu inayofanya kazi hiyohiyo?" Mara nyingi ipo. Omba pia uandikiwe jina halisi la dawa badala ya jina la kibiashara, ili ukiikosa kwenye dirisha la hospitali uweze kuitafuta kwingine bila kulazimika kununua ile ya kampuni moja.

Kuuliza, na kurudia ulichoambiwa

Kikwazo kikubwa kwetu ni neno "ndiyo". Mgonjwa huitikia kwa heshima, "Ndiyo daktari, nimeelewa," na daktari huridhika, kumbe kila mmoja ameondoka na lake. Dawa ya hali hiyo ni kurudia kwa maneno yako mwenyewe yale uliyoambiwa, kabla hujasimama: "Naomba nihakikishe kama nimekuelewa, daktari." Kisha unaeleza. Ukikosea atakurekebisha, na marekebisho hayo yana thamani kuliko maelezo ya kwanza.

Dawa mseto ya malaria inaonesha kwa nini jambo hili si la mapambo. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 35 au zaidi hupewa vidonge 24 vya dawa hiyo, iitwayo ALu, ameze vinne kila mara, mara sita kwa siku tatu. Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza. Kuanzia siku ya pili humezwa asubuhi na jioni. Aliyemeza dozi ya kwanza saa 4 asubuhi anatakiwa kumeza ya pili saa 12 jioni ya siku hiyohiyo, kisha saa 4 asubuhi na saa 4 usiku kwa siku mbili zinazofuata, akiwa amekula chakula chenye mafuta au amekunywa maziwa ili dawa ifyonzwe vizuri. Sasa fikiria maelezo hayo yakitolewa dirishani kwa sauti ya chini, kupitia tundu la kioo, huku kibahasha kikiwa kimeandikwa "4 x 2" peke yake. Mgonjwa anakwenda nyumbani, anameza vinne siku hiyo, vinne kesho yake asubuhi, homa inashuka, na vilivyobaki vinawekwa kabatini vimsubiri mtoto wa shangazi. Angetaja saa zake mbele ya mfamasia, tena kwa kuzihesabu kwenye vidole, lisingetokea.

Kwa hiyo usiondoke dirishani kabla hujajua unameza ngapi, saa ngapi, kwa siku ngapi, kabla au baada ya chakula, na ufanye nini ukisahau au ukitapika. Katika chumba cha daktari maswali ni machache zaidi: tatizo langu ni nini, ninapaswa kufanya nini, na kwa nini hilo ni muhimu. Ukiandikiwa kipimo, uliza kinatafuta nini. Ukitakiwa kutia saini fomu ya ridhaa ya upasuaji, uliza watakachofanya, madhara yanayoweza kutokea na kama kuna njia nyingine. Saini iliyotiwa na mtu asiyeelewa haina maana ya ridhaa, hata kama ni nzuri.

Ndugu anayesindikiza

Msindikizaji ana kazi mbili: kukumbuka na kukumbusha. Anapogeuka kuwa msemaji, mgonjwa hupotea. Utamkuta mzee amekaa kimya huku mwanawe akisimulia ugonjwa usio wake, na daktari naye, kwa kuwa kijana anaongea upesi, anamgeukia kijana. Aachwe mzee aseme kwanza, hata kama anazunguka. Ndugu ajazie mwishoni.

Suala la lugha ni gumu zaidi. Wapo wazee wanaozungumza Kisukuma, Kimaasai au Kihehe kwa ufasaha na Kiswahili kwa kubahatisha, na mkalimani wa karibu huwa mjukuu wa miaka kumi. Mtoto huyo asitumiwe kwa maswali ya mkojo, uzazi au damu, kwa sababu bibi hatayasema mbele yake na yeye hatakuwa na maneno ya kuyatafsiri. Ni heri kuuliza kama kuna muuguzi au mhudumu anayeijua lugha hiyo. Katika vituo vya wilayani mara nyingi yupo. Kwa kiziwi anayetumia lugha ya alama, msindikizaji anayeijua apangwe mapema, na maelezo ya dawa yaandikwe ikiwa mgonjwa anasoma.

Kwa mtoa huduma

Foleni ni ndefu, mshahara ni uleule, na hakuna atakayekuongezea dakika. Hata hivyo, kumwacha mgonjwa aseme mpaka amalize sentensi zake za kwanza huchukua muda mfupi kuliko inavyodhaniwa, na humwondolea haja ya kurudi keshokutwa kwa tatizo ambalo hukulisikia. Itikia salamu ukiwa umemtazama, si ukiwa umeinamia kitabu au kompyuta. Uliza, "Karibu mama, niambie kilichokuleta," kisha nyamaza. Ukimaliza kusikiliza, uliza tena, "Kuna jingine?" kabla hujaanza kuandika, ili lile jambo la kwenye kitasa cha mlango litoke mapema.

Achana na swali "Umeelewa?" kwa kuwa jibu lake linajulikana. Sema: "Nataka kujua kama mimi nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani utamwambia baba watoto kwamba dawa hizi zinatumiwaje?" Hapo mzigo wa kueleweka umeuchukua wewe, na mgonjwa hajisikii yuko kwenye mtihani. Maneno ya kitaalamu yapewe maelezo papo hapo. Kumwambia mtu "kipimo ni hasi" bila kuongeza kwamba ugonjwa haukuonekana ni kumwacha aende na mashaka, kwani kwa wengine hasi inasikika kama habari mbaya.

Lililo baya kuliko haraka ni kugombeza. Mama anayefika kliniki kwa mara ya kwanza akiwa na mimba ya miezi saba huenda alikosa nauli, ruhusa, au taarifa kwamba Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 angalau mahudhurio manane. Ukimpokea kwa "ulikuwa wapi siku zote?" mbele ya wenzake, utapata kimya, na mimba ijayo atachelewa zaidi au atadanganya tarehe. Uliza sababu kwa upole, uiandike, uendelee na kazi. Na tafadhali, dirishani au korido, pasiitwe watu kwa magonjwa yao.

Mazungumzo yakivunjika

Ukitukanwa, ukidaiwa fedha isiyo na stakabadhi au ukikataliwa maelezo, usimalize hasira yako kwenye benchi. Andika tarehe, saa, chumba na maneno yaliyosemwa, kisha mwone mganga mfawidhi wa kituo au, kwenye hospitali, afisa ustawi wa jamii. Mkataba wa huduma kwa mteja, ambao vituo vingi hubandika ukutani karibu na mapokezi, ndio wa kuunukuu unapoongea naye, kwa kuwa ni ahadi ya kituo chenyewe. Sanduku la maoni linafaa kwa mambo ya jumla, kama vile vyoo na ucheleweshaji. Lalamiko linalomhusu mtu mmoja na tukio moja lipelekwe kwa barua, nawe ubaki na nakala. Lisiposhughulikiwa, ngazi inayofuata ni Mganga Mkuu wa Wilaya. Kwa makosa ya kitaaluma ya daktari lipo Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwa wauguzi na wakunga lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na yote mawili hufanya kazi kwa maandishi. Kwa hiyo zile nakala za daftari, cheti na stakabadhi ulizozihifadhi tangu siku ya kwanza ndizo utakazoziambatanisha.